Wageni wa Uholanzi wanakuja kulala kwetu Mkomani: nianzie wapi?

Assalaam aleikum wanasafu,

Naandika kutoka Mkomani, Lamu. Mdogo wangu wa kiume alisoma Uholanzi miaka miwili, akakaa kwa familia moja iliyomtunza kama mwana wao. Sasa wenyewe wanakuja. Watafika mwishoni mwa Disemba na watalala kwetu siku sita: baba, mama, watoto wawili wa miaka 6 na 11, na bibi yao wa miaka 72. Mama mtu hali nyama.

Sisi tuko sita: mimi, mume wangu, mama yangu mzazi, mabinti wawili wa miaka 13 na 16, na kijana wa miaka 8. Nyumba ni ya kizamani. Chini pana daka (ukumbi wa mlangoni), kiwanda (ua wa ndani usio na paa), msana (ukumbi unaoelekea kiwanda), chumba cha mama na choo cha kuchuchumaa. Juu kuna vyumba viwili na choo cha kukaa, kisha ngazi ya kwendea darini, juu ya nyumba. Tuna tangi la lita 1,000, na birika la zamani (hodhi la maji) bado latumika.

Mama anasema deni ni deni: watu waliomlea mwanawe hawalazwi hotelini, na kila siku kichinjwe kitu. Mume wangu hakatai wageni, ila ana neno na mwanamume wa kando kupita mbele ya mabinti. Simlaumu. Mwaka jana mgeni wa jirani alipanda dari la kwao akapiga picha za mji, na mabinti zangu walikuwa kiwandani vichwa wazi wakisukana. Picha ile tuliletewa na watu kwenye simu. Sitaki lijirudie, na sitaki pia wageni waone tumewafungia milango.

Nifanyeje? Na wakitaka kutulipa je?

Bi Mwenye Nyumba, Mkomani

*

Waaleikum salaam dada yetu,

Mama yako ana haki yake na mume wako ana yake, na nyumba yenu ina nafasi ya zote mbili. Kitakachowagombanisha na wageni ni yale ambayo hamkuyasema mapema mkidhani kila mtu anayajua. Kwa hiyo anza na barua, na uianze mwezi huu.

Una bahati ambayo wengi hawana: mdogo wako ameishi katika nyumba zote mbili. Wewe andika kwa Kiswahili, yeye aitie kwa lugha yao. Ukurasa mmoja watosha. Na neno la kuepuka ndani yake ni lile la heshima tunalolipenda kuliko yote, "hapa ni kwenu". Mwamu, yaani mtu wa Lamu, akilisikia anajua mipaka yake bila kuambiwa. Mgeni wa mbali atakuamini: kwake nyumbani ni mahali anapotoka bafuni na taulo kiunoni, anapofungua jokofu mwenyewe, anapopanda ghorofani bila kuita mtu. Akiyafanya hayo kwenu hatakuwa amekosa adabu, atakuwa amekutii.

Badala yake mweleze nyumba. Orofa ya juu yote ni yao, pamoja na choo chake. Chini ni kwa mwenyeji. Anayeteremka husimama penye ngazi akaita hodi, akangoja kusikia "karibu" ndipo ateremke. Akiita mara tatu kimya, arudi juu. Mfundisheni neno hilo kabla hajafika, na watoto wao watalipenda kuliko salamu yoyote. Mwambieni pia kuwa wanawake wa nyumba hawapeani mkono na wanaume, na kwamba mkono kifuani ndiyo salamu kamili. Jambo hili likingojwa mpaka mlangoni linakuwa fedheha: yeye mkono umeshanyooka, binti amerudi nyuma, na kila mmoja ataukumbuka mkono ule siku sita zote. Likisomwa mwezi mmoja kabla, ni kanuni tu ya nchi nyingine.

Dari ndilo lililowaumiza mwaka jana, basi lipeni mstari wake. Mgeni haoni kosa kwa sababu yeye hutazama bahari na mapaa ya makuti. Hajui kuwa kiwanda cha nyumba ya Lamu ni chumba cha ndani ambacho kwa bahati hakina paa, na aliye juu ya dari la jirani yumo chumbani mwa watu. Mwandikieni hivyo hivyo. Kisha msitegemee barua peke yake. Sitirini upande unaoelekea viwanda vya jirani kwa makuti yaliyosukwa au turubai la kitambaa, kimo cha mita mbili hivi ili mtu mrefu naye asione (Waholanzi ni watu warefu), na muwaachie wazi upande wa bahari. Makuti yafungwe kwenye fito zilizokazwa, maana Disemba ni kaskazi na upepo wake utayang'oa yaliyotundikwa kwa misumari miwili. Pitieni kwa majirani siku mbili kabla, muwaambie nani anakuja na dari litatumiwa saa ngapi. Majirani wakiarifiwa huwa walinzi. Wasipoarifiwa huwa mashahidi.

Kuhusu picha, katazo la jumla halifui dafu, kwa kuwa mtu hajui nini ni nini. Semeni wazi: mandhari, milango iliyochongwa, mashua na chakula, ruhusa. Mabinti na mama, hapana, hata kwa mbali, hata kwa mgongo. Kijana wa miaka 8 kwa idhini ya babake, bila jina lake wala la shule yake. Na chochote cha kuwekwa mtandaoni kionyeshwe kwanza kwenu, kisha kiwekwe wakishaondoka. Ndege ya kamera (droni) isije kabisa: nchini Kenya huhitaji kibali, na juu ya Mkomani ingekuwa dari la jirani lenye mabawa.

Sasa bibi wa miaka 72. Ngazi za nyumba zetu za kale ni za kusimama na vipandio vyake havilingani. Muulizeni mdogo wako kwa siri kama bibi hupanda ngazi usiku. Kama hapana, alale chini chumbani kwa mama yako. Ni mwanamke, hapana sitara inayovunjika, na vikongwe wawili wasio na lugha moja huelewana haraka kuliko mnavyodhani. Tatizo litakuwa choo cha kuchuchumaa. Seremala atawatengenezea kiti cha mbao kizito, kimo cha sentimita 45 hivi, chenye tundu katikati na mikono ya kushikia, kikae juu ya choo. Miguu yake ifungwe raba chini isiteleze kwenye sakafu ya maji. Taa ndogo ya sola ibaki ikiwaka njiani usiku kucha.

Safari yenyewe ina mitego michache. Tangu Januari 2024 wageni wengi wanaokuja Kenya huomba idhini ya kusafiri kwa mtandao badala ya viza, kila mtu ya kwake, watoto pia, na huulizwa watakakolala. Kwa kuwa hawaendi hoteli, mwandikieni barua ya mwaliko yenye jina la mume wako, mtaa, simu na tarehe za kufika na kuondoka. Idhini waiombe wiki mbili kabla wasihangaike. Wakumbusheni kusoma tahadhari za usafiri za serikali yao kuhusu kaunti ya Lamu kabla ya kulipa tiketi, kwa sababu bima ya safari yaweza kukataa kulipa mahali serikali ilikoonya, na masharti ya kisiwani huenda yasiwe sawa na ya njia ya barabara. Mifuko ya plastiki waiache kwao, imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Plagi zetu ni za pini tatu za mraba, zao ni mbili za mviringo. Adapta mbili zawatosha.

Kisha saa. Hapa ndipo wageni wengi wanapokosa boti. Ukimwandikia "mashua ni saa mbili asubuhi" na mtu akalitafsiri neno kwa neno, atasoma 02:00 na ataamka usiku wa manane, au atadhani umekosea akaja 14:00. Kila saa kwenye barua iandikwe mara mbili: saa mbili asubuhi, 08:00. Hata mdogo wako aambiwe, kwani waliokaa Ulaya hurudi na saa za aina mbili kichwani na hawajui wakati gani wanatumia ipi.

Ndege hushuka kisiwani Manda, na kutoka gatini pale mpaka mjini ni boti ya kama dakika 10 au 15. Kabla ya kumwambia nahodha saa, tazameni maji. Yakiwa yamepwa, hasa siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida), gati hubaki juu na mtu hupanda vipandio vyenye mwani unaoteleza. Kwa bibi wa miaka 72 hapo ndipo mguu unapovunjika. Maji hujaa mara mbili kwa siku na kila siku huchelewa kama dakika 50, kwa hiyo mnaweza kuhesabu kuanzia leo. Saa ya ndege haibadiliki, ila mwaweza kumweka kivulini Manda anywe dafu mpaka maji yapande. Hamali wa mizigo awe amesimama tayari na bei imesemwa, mgeni asivutwe mkono na watu watano.

Usiku wa kwanza, tafadhali, msialike ukoo. Hili tunalisema kwa nguvu kwa sababu mama yako atataka. Watu hao watakuwa wamelala ndani ya ndege, wamebadilisha ndege Nairobi, wamepanda boti, na mtoto wa miaka 6 atakuwa analia bila sababu. Wapeni maji ya kuoga, uji au supu nyepesi na mkate wa mofa, waonyesheni choo, neti na swichi, waende juu. Waambieni pia adhana ya alfajiri itawaamsha na hakuna kilichoharibika. Ukoo uje siku ya tatu.

Neti ichomekwe chini ya godoro pande zote na isiguse mwili, kwani mbu huuma kupitia kitambaa kilichogusana na mkono. Dawa za kinga ya malaria ni kazi ya daktari wao, wamwone wiki sita kabla. Wakisharudi kwao, homa yoyote katika miezi inayofuata waiseme pamoja na neno Kenya. Hapo kwenu jambo moja: watu husafisha nyumba kwa ajili ya wageni wakamimina klorini birikani. Visamaki vya birikani hufa, na vile ndivyo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Siku kumi baadaye mna mbu kuliko mtaa mzima. Sugueni kuta za birika kwa mkono, visamaki mviache.

Maji mtayahesabu kwa kalamu. Mgeni aliyezoea bomba la mvua hutumia lita 60 kwa siku bila kujua. Watano ni lita 300. Ninyi sita kwa lita 50 ni 300 nyingine. Tangi lenu la lita 1,000 litakauka kabla siku ya pili haijaisha, na litakauka mtu akiwa na sabuni machoni. Kama maji ya bomba huja kwa zamu, jazeni kila chombo siku ya zamu, na choo cha juu kiwekewe pipa lake na kata ya kumwagia ili tangi libaki la kuogea. Ndoo ya lita 20 na kata ziwe bafuni, na mwonyesheni mtoto mkubwa anavyoogwa kwa kata. Karatasi za chooni wekeni, pamoja na kapu lenye kifuniko, na semeni kuwa karatasi huenda kapuni. Mabomba ya zamani huziba, na kuzibua choo mbele ya wageni hakuna anayekutaka.

Ya kunywa ni hesabu nyingine: lita tatu kwa kila mgeni katika joto la Disemba, na ya kupigia mswaki, ni dumu la lita 20 kila siku. Yachemshwe mpaka yatokote dakika nzima, yapoe yakiwa yamefunikwa, na chombo kiwe na bomba. Kikombe kinachochovywa mtungini na mikono kumi na moja hurudisha kila kilichouawa motoni. Mkosaji mkubwa hata hivyo ni barafu. Watu huchemsha maji ya chai, kisha juisi ya ukwaju wanaitia barafu iliyogandishwa kwa maji ya bomba. Gandisheni yale yale yaliyochemshwa. Mtoto akiharisha: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, anywe kidogo kidogo. Haja yenye damu, homa kali, au mtoto kulegea, ni hospitali moja kwa moja.

Chakula mnakijua kutushinda, basi tuseme machache. Watu kumi na moja ni mchele kilo moja na nusu kwa nazi tatu. Samaki mzima kilo nne, kwa sababu kichwa na matumbo huchukua karibu nusu na wageni hawatavinyonya vichwa vya changu kama sisi. Pilipili ikae kando kwenye kibakuli. Kwa mama asiyekula nyama, muulizeni mapema: samaki je, mayai, maziwa, samli? Wapo wanaokula samaki na wapo wasiogusa hata samli. Mbaazi za nazi, kunde na mchicha wa nazi hamtapungukiwa. Mtego ni pilau: mpishi humtolea nyama sahani yake akadhani amemaliza, na wali wenyewe umepikwa kwa supu ya nyama. Sufuria yake iwe mbali, na mwiko wake. Ulizeni pia kama kuna anayedhuriwa na njugu, kabla kashata hazijatoka.

Na sahani. Kwetu sahani tupu yasema mtu hajashiba, unaongeza. Wao wamefundishwa kumaliza kila walichopakuliwa. Mama yako ataongeza, mgeni atamaliza, mama ataongeza tena, na kufikia siku ya pili mgeni anaogopa chakula cha mchana. Waambieni wageni waache tonge moja wakishiba. Mama naye aambiwe kuwa kichinjwe siku ya kufika ukoo, si kila siku. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe": hawa wapeni mbuzi ya nazi. Mtoto wa miaka 11 atakuna kutwa, na huko kutamfurahisha kuliko safari ya mashua. Angalieni vidole tu.

Mavazi ni sentensi mbili barua nzima: mjini mabega na magoti yafunikwe, wanaume na wanawake; nguo za kuogelea ni za pwani ya Shela, na juu yake leso mpaka mtu afike majini. Pombe haiingii nyumbani. Punda hupishwa ukutani, na hakuna asimamaye nyuma yake.

Fedha. Mdogo wako hakulipa kodi kwao, basi msipokee kodi. Lakini mkikataa kila kitu mtawaacha na mzigo. Wao walipe boti ya Manda, safari za Shela na Matondoni na kiingilio cha makumbusho, moja kwa moja kwa wenyewe. Wakienda sokoni na mume wako wakalipia samaki, waacheni walipe. Bahasha itakayoachwa chini ya mto siku ya mwisho, mama yako ndiye aamue. Yeye ndiye mwenye deni. Ila msikilize hili: wakisema rafiki zao nao wangependa kuja na kulipa kwa usiku, hapo nyumba imekuwa biashara, na biashara ya kulaza wageni hutaka leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii na kibali cha kaunti. Mumeo asipolitaka hilo, likataeni mapema.

Mizigo ya kurudi nayo ina sheria zake. Disemba maembe yamejaa na mtataka kuwapa kikapu. Ulaya haiwaruhusu wasafiri kuingia na maembe mabichi bila cheti cha afya ya mimea, wala samli, wala nyama ya aina yoyote. Nazi, ndizi, nanasi na tende hupita. Makombe na matumbawe yasitoke baharini kwenda mkobani, na ganda la kobe msiliguse kabisa. Wapeni iliki, mdalasini na leso, mbili mbili kama ziuzwavyo. Jina la leso lisomeni kabla ya kununua, kwa sababu nusu ya zilizoko dukani zimeandikwa kwa ajili ya mke mwenza, na mdogo wako ataombwa na yule bibi amtafsirie.